Nuru Inayofuata Muziki
Mtu anayebuni taa za LED, yaani diodi zinazotoa nuru umeme unapopita ndani yake, ili zifuate muziki chumbani, hulazimika kujibu swali la kifalsafa kabla hajaunganisha waya wa kwanza: ni rangi ipi inayostahiki sauti ipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua? Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704, aliugawa mwanga katika rangi 7 na kuzilinganisha na ngazi ya noti. Naye Louis-Bertrand Castel, padri Mjesuiti wa Ufaransa, alipendekeza mwaka 1725 kinanda cha macho, ambacho kila kibonye chake kingeonyesha rangi.

Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alilipinga wazo hilo kwa hoja ambayo haijapoteza nguvu, kwamba rangi hudumu mahali pake ilhali sauti hupita pamoja na wakati, na noti hupata maana kutokana na noti nyinginezo. Fizikia inamuunga mkono. Sauti ni mtetemo wa hewa, na sikio hupokea mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, upana wa takriban oktavu 10, oktavu ikiwa ni umbali kati ya sauti moja na ile yenye mitetemo maradufu. Nuru ni wimbi la sumakuumeme lisilohitaji hewa, na yote ionekanayo kwa jicho ni takriban oktavu moja tu. Kwa hiyo anayeagiza besi iwe nyekundu na filimbi iwe buluu hatii sheria ya maumbile, bali anatunga yake. Wala hilo si kosa, mradi asilidai kuwa ni ugunduzi.

Uhusiano wa kweli umo katika wakati. Kidhibiti cha kielektroniki huipokea sauti kwa maikrofoni na kuichambua kwa hesabu ya Fourier, njia ya kulitenganisha wimbi changamani katika mitetemo sahili iliyoliunda, na hapo hupatikana kupanda na kushuka kwa nguvu, pigo la ngoma, na kimya, ambacho ni sehemu ya muziki sawa na mlio. Basi mbunifu na aziache taa zizimike muziki unaponyamaza, na pigo linapokimbia asizimemetishe zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa kuwa mimweko ya kasi zaidi yaweza kuwaletea degedege wenye kifafa kinachochochewa na mwanga.