Taa Zisizo na Kazi

Desemba mwaka juzi, mathe alinitumia soo tano. Ujumbe ulifuata dakika mbili baadaye, kwa sababu mathe haamini kwamba pesa inaweza kujieleza yenyewe: "Hiyo ni ya stima. Mtoto asikae giza." Mtoto ni mdogo wangu, miaka tisa wakati huo, aliyekuwa ametoka Webuye kuja kukaa nami likizo kwenye bedsitter yangu Kayole. Mita ilikuwa imebaki na nukta tatu ya yuniti na ilikuwa inalia kama kifaranga aliyepotezwa na mamake.

Sikununua tokeni. Nilimshika kijana mkono tukapanda mat hadi tao, kisha nyingine hadi Westlands, kutazama taa za Krismasi kwenye mall fulani. Nauli ya jioni ya Desemba mnaijua. Kilichobaki kilimezwa na chipsi na kale kagari-moshi ka watoto kanakozunguka mti mara tatu halafu mnaambiwa mshuke. Nilikuwa nimeacha balbu ya nyumba ikiwaka ili tukirudi tusikute giza. Tuliporudi saa nne unusu, ilikuwa imekula zile nukta tatu zote. Tukalala gizani, vile vile mathe alivyokuwa amekataza.

Wacha niseme ukweli kuhusu taa zenyewe: zilikuwa noma. Mti mrefu kama ghorofa tatu, taa nyeupe zikishuka kutoka kileleni kama mvua iliyosahau kufika chini. Kulungu wa waya waliojaa vibalbu. Theluji ya pamba, na sisi jasho linatutoka. (Ni lini tulikubaliana kwamba Krismasi ya Nairobi iigize baridi ya watu wengine? Hiyo ni makala ya siku nyingine.) Kijana alisimama mdomo wazi. Halafu akaniuliza:

"Hizi taa ni za nani?"

"Za mall."

"Zinafanya kazi gani?"

"Hakuna. Ni za kutazama tu."

Akafikiri. "Kwa hivyo hazina kazi."

Nilisoma falsafa mihula minne kabla ada haijanishinda, na mmoja wa watu niliotoka nao kichwani ni Peter Singer. Mwaka 1972 alichapisha makala kuhusu njaa ya wakimbizi wa Bengali Mashariki, na ndani yake kuna mfano ambao kila mwanafunzi wa maadili anaujua: ukipita kando ya kidimbwi na uone mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zako zitajaa matope. Nguo si kitu mbele ya uhai. Basi, anasema, kama unaweza kuzuia jambo baya bila kupoteza kitu chenye uzito kama huo, unapaswa kulizuia, hata kama mtoto yuko mbali na humjui. Ukikubali hatua ya kwanza, ni ngumu sana kutoka kwenye ile ya mwisho. Darasani tulijaribu wiki mbili nzima. Kwa hesabu hiyo, mji unaowasha taa milioni moja za mapambo ni mtu aliyesimama kando ya kidimbwi akipiga pasi shati lake.

Na mimi je? Mimi hata sikuwa na mtoto wa mbali. Mtoto wa kukaa gizani alikuwa wangu, na niliyemweka gizani ni mimi.

Nilipomsimulia beshte yangu mmoja wa uhandisi, alinicheka. Alisema taa za siku hizi, hizi LED, zinakula stima kidogo sana. Wangezima mti wote usiku ule, mita yenu ingebaki sufuri. Ni kweli. Giza la Kayole haliletwi na mti wa Westlands, angalau si kupitia waya. Lakini hilo linajibu swali la stima, na kijana hakuwa ameuliza swali la stima. Aliuliza ni za nani.

Nimeyasoma sana mambo ya taa tangu siku hiyo, na miji miwili haijanitoka akilini. Wa kwanza ni Lyon, Ufaransa. Mwaka 1852 walipanga kuzindua sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Tarehe ilikuwa Septemba, lakini mto Saône ulifurika, mambo yakasukumwa hadi tarehe 8 Desemba. Siku yenyewe ikaja na dhoruba, na sherehe ya usiku ikaelekea kufutwa. Kisha anga likafunguka, na watu bila kuamrishwa wakaanza kuweka mishumaa madirishani mwao, nyumba baada ya nyumba, hadi mji ukang'aa. Leo Desemba ya Lyon ni tamasha kubwa la siku kadhaa, na watalii wanajaa kama mat ya saa kumi na mbili. Ila bado zipo familia zinazoweka vile vikombe vya mishumaa dirishani. Nikiona hivyo nakumbuka Diwali kule Ngara na Parklands, kataa kadogo mlangoni, kalikowekwa na mwenye mlango. Ukiuliza ni ya nani, unaonyeshwa mtu.

Wa pili ni Kobe, Japani, na huu ndio unaonisumbua. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri, tetemeko liliupiga mji huo na jirani zake. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Barabara ya juu ilianguka ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Moto ukala mitaa ya nyumba za mbao. Sasa fikiria Desemba ya mwaka huo huo: maelfu wanaishi kwenye nyumba za muda, wengine wamezika nusu ya familia, na mji unatangaza kwamba utawasha taa za mapambo. Si taa za barabarani, hapana. Matao makubwa yenye maelfu ya vibalbu vya rangi, mtindo wa sherehe za Italia, kazi iliyoshikwa na Mwitaliano Valerio Festi, taa zenyewe zikiwa zawadi kutoka Italia. Walizipa jina Luminarie.

Singer angesema nini? Mimi ningesema nini, kama ningekuwa kwenye foleni ya blanketi na nione lori la balbu linapita? Nadhani ningerusha jiwe.

Lakini watu walienda. Ndani ya siku chache zile, zaidi ya milioni mbili walitembea chini ya matao hayo. Mpango ulikuwa wa mara moja tu. Wakazi wenyewe ndio walioomba yarudi, na yakarudi kila mwaka hadi korona ilipoyasimamisha. Mwaka 2024 yalihamia Januari, mwezi wa tetemeko lenyewe. Pesa zimekuwa shida miaka mingi. Siku zimepunguzwa, na wanaokuja wanaombwa kila mmoja atoe yeni mia moja, pesa ya sarafu moja tu, ili mwaka ujao uwezekane.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitumia Kobe kujitetea. Mnaona? Hata waliopoteza kila kitu walitaka kitu kizuri. Binadamu si mita ya stima, hatupimwi kwa yuniti. Maskini naye ana macho. Haya yote bado nayaamini, na mtu akiniambia kijana wa Kayole anahitaji tokeni tu na si kulungu wa waya, nitabishana naye hadi asubuhi. Anayesema hivyo kwa kawaida ashaona kulungu wengi.

Ila kadiri ninavyoiangalia Kobe ndivyo inavyozidi kunigeuka. Kitu kinachonigusa pale ni ile sarafu. Taa haina kazi, sawa, lakini aliyelala nyumba ya muda ndiye aliyesema irudi, na ndiye anayetoa mia yake. Mimi soo tano haikuwa yangu. Ilikuwa ya nyanya na omena, ya mtu aliyekaa juani sokoni Webuye kutwa nzima akifukuza nzi. Nilifanya ukarimu na mfuko wa mtu mwingine. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atakataa, na hata hilo ni uongo: sikujua. Nilimkadiria. Nilijiambia mathe ni mtu wa stima na unga, mimi ndiye mwenye falsafa. Nilichomnyang'anya si shilingi mia tano tu, ni nafasi ya kusema, "Haya, mpeleke."

Alipiga simu asubuhi yake, akauliza kama stima iko. Nikasema iko. Kijana, ambaye hajui kudanganya kwa mpango, akapaza sauti kutoka kitandani: "Mama, hakuna! Lakini tuliona taa!"

Mathe alinyamaza. Nilisikia sokoni kwa nyuma, mtu akibishania bei ya kabeji. Kisha akasema, polepole, "Pesa ya stima ni ya stima, Baba." Ananiita Baba kwa sababu nina jina la babake, siku hiyo lilinikaa vibaya. Nikasema pole. Akasema nimpe mtoto simu.

Kijana alimsimulia hadi kredo ya mathe ikakatika. Mti ukawa wa ghorofa kumi. Kulungu wakawa wanatembea. Theluji, akasema, ilikuwa ya ukweli, na baridi aliihisi mkononi, na mimi nilikuwa nimekaa pale kando ya mita iliyozima na sikumsahihisha.