Je, Tumlilie Mgeni Aliyekufa Kwetu?

Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Umoja wa Mataifa, aina ya Puma, ilianguka Tshanzu, katika Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Askari waliokuwamo walikuwa wametumwa kupeleleza mahali pa vita. Wote 8 walikufa: Wapakistani 6, Mrusi 1 na Mserbia 1. Jeshi la Kongo lilisema M23 ndio walioiangusha. M23 wakasema ni jeshi lenyewe.

Hapa Katuba tulisikia watu wakisema: «Tuwalilie kwa nini? Walilipwa mshahara. Umoja wa Mataifa ulileta askari wake tangu 1999, na vita havikwisha.»

Tusilidharau neno hilo. Mama aliyekimbia Rutshuru na watoto mgongoni ana haki ya kuuliza askari hao walifanya kazi gani. Lakini kuhukumu kazi ni jambo moja, na kukataa kumlilia mtu ni jambo lingine. Mshahara hulipa mikono ya mtu na saa zake. Haulipi uhai wake. Hapa kwetu mchimbaji wa shaba naye hulipwa. Siku udongo unapomwangukia, nani athubutuye kusema kilioni kwamba marehemu alikwisha kupokea franka zake?

Wazee wanakumbuka mwaka 1961. Waitalia 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa walikuwa wamewaletea vyakula na vifaa askari Wamalaya waliokaa Kindu. Novemba 11 wakauawa. Yasemekana walidhaniwa kuwa Wabelgiji. Tazameni basi: waliowaua waliona rangi ya ngozi, hawakuuliza majina. Nasi tukisema «ni wageni tu», twaianza njia ileile, ingawa mikononi hatuna silaha.

Mwingine atajibu: «Na wafu wetu wa Kivu, nani awaliliaye?» Kweli, ni wengi mno, na wengi wamezikwa bila hesabu. Lakini huruma si unga wa mfuko mmoja, kwamba ukimpimia mgeni mwana atalala njaa. Moyo uliojifunza kumlilia Mpakistani asiyemjua hautampita ndugu wa Rutshuru.

Basi Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwakumbuke na hawa 8, hata kama si wa dini yetu. Wala tusiache kuuliza ni nani aliyewaangusha, kwa maana kumwombea marehemu ni pamoja na kuitaka kweli juu ya kifo chake.