Ndege wa Msituni na Haki ya Mwenye Kumtazama

Kuna watu leo wanaosafiri bahari na bara, wakatumia mali nyingi, wakaamka kabla ya alfajiri na kuingia katika misitu yenye ruba na matope, si kwa kuwinda wala kwa biashara, bali kwa kumwona ndege tu. Wakishamwona huandika jina lake daftarini, kisha wakarudi makwao wakiwa radhi. Wako miongoni mwetu wanaowacheka watu hawa na kuwahesabu kuwa wapuuzi. Wako na wengine wanaowasifu mno, wakadhani kuwa mwenye darubini shingoni hana dhambi juu ya ndege. Sisi twaona kuwa kicheko hicho na sifa hizo zimetangulia kabla ya swali lenyewe kuulizwa. Nalo ni hili: kiumbe mzuri aishiye mbali na watu, je, uzuri wake ni haki yetu? Na ikiwa tuna haki ya kuutazama, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la wageni peke yao. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapa petu, kati ya Kilifi na Malindi, nao una ndege ambao watu wa mbali huwajia. Na katika majumba yetu mna chiriku na kasuku waliotundikwa barazani. Basi swali latugusa.

Na tuanze kwa mfano. Katika Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake kuna jamii ya ndege walio ndugu wa kunguru, lakini wenye mikia mirefu na maisha ya juu ya miti. Ilimu ya viumbe yawaita Dendrocitta, na Wahindi humwita mmoja wao mahalat. Sisi tutawaita kunguru-mti. Mahalat ana kichwa cheusi cha masizi, kiwiliwili cha rangi ya kutu, na mkia wa kijivu wenye ncha nyeusi. Tangu mdomo hata ncha ya mkia hupata kama sentimita 50. Ana sauti kavu ya kukwaruza, na papo hapo aweza kutoa sauti tamu kama ya filimbi, hata asiyemjua hudhani ni ndege wawili. Huruka kwa kupiga mbawa haraka, kisha akateleza hewani, kisha akapiga tena.

Mahalat si mgumu kuonekana, kwani hukaa hata katika bustani za miji. Walakini yuko nduguye mwenye tumbo jeupe, asiyepatikana illa katika milima ya magharibi ya kusini ya Bara Hindi, katika msitu wa mvua. Huyo hatafutwi kwa mbio. Mwenye kumtaka yampasa asimame mahali pamoja, anyamaze, asikilize. Yaweza kupita saa nzima asione kitu illa majani. Kisha ghafla msitu hujaa: ndege wa namna nyingi huja pamoja, wakitafuta wadudu, huku mramba mwenye mkia wa nyuzi mbili akiigiza sauti za wenziwe, na kunguru-mti yule akiwa pamoja naye. Baada ya dakika chache wote wamekwisha kupita, na kimya kimerudi. Aliyekuwa akizungumza na mwenziwe hakuona kitu. Tazama, basi, kuwa sharti ya kwanza ya kuona ni mtu kujizuia nafsi yake.

Lakini kujizuia huku hakukuzaliwa pamoja na watu. Bwana Salim Ali, Mwislamu wa Bombay aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1987, ndiye aliyewafundisha Wahindi wa zama zetu kuwajua ndege wa nchi yao, na kitabu chake cha mwaka 1941 kilienea kila upande. Khabari yake ilianza na bunduki ya upepo. Alipokuwa mtoto alimpiga shomoro mmoja, akamwona ana doa la manjano kooni, asimjue ni nani. Mjomba wake akampa njia ya kwenda kuuliza katika chama cha wataalamu wa viumbe mjini humo, na huko akafunguliwa makabati yaliyojaa ndege waliokaushwa. Mlango wake wa kuingia katika ilimu ulikuwa ni mzoga. Wala hakuiacha bunduki siku ile. Miaka mingi aliendelea kukusanya ndege kwa ajili ya ilimu. Lakini yeye huyo akawa miongoni mwa waliopigania ziwa la Bharatpur, mahali ambapo mwaka 1938, katika siku moja ya kuwinda pamoja na mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, waliuawa ndege 4,273. Mahali hapo paligeuzwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1982.

Twajifunza nini? Twajifunza kuwa kuna kuua kwa kujua na kuua kwa kujifakhiri, na kuwa hayo mawili si sawa. Lakini twajifunza pia kuwa ilimu ikikomaa huanza kuona haya mbele ya kile inachokijua.

Haya hiyo aliionja mtu mwingine kabla yake. Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa Kiingereza, alifika visiwa vya Aru mwaka 1857, na mmoja wa vijana wake akamletea ndege mdogo mwekundu katika wale waitwao ndege wa peponi. Alifurahi mno, kisha akaingiwa na huzuni. Katika kitabu chake cha mwaka 1869 akaandika fikra yake: kwamba vizazi vya ndege hao vimezaliwa na kufa katika misitu ya giza bila ya jicho la mtu mwenye kuufahamu uzuri wao; na kwamba watu wa ustaarabu wakifika huko, wataiharibu hali ya misitu ile hata wawamalize wale wale ambao wao peke yao waweza kuufahamu uzuri wao. Akatoa hukumu kwamba viumbe vyote havikuumbwa kwa ajili ya mwanadamu.

Huenda msomaji akatupinga hapa, akasema: Je, hatukufundishwa kuwa Mola ametuumbia vyote vilivyomo ardhini? Jawabu ni kuwa ndivyo, na atuumbiaye kitu kwa manufaa hakutupa ruhusa ya kukiangamiza. Aliyekabidhiwa shamba la yatima ale kwa kadiri, walakini hang'oi minazi. Zaidi ya hayo, Qurani hiyo hiyo imetufunza kuwa ndege nao ni umma kama sisi, na kuwa wana tasbihi yao ambayo Mola wao aijua. Basi ndege wa Aru aliyeishi na kufa bila ya kuonwa na mtu hakupotea bure. Uzuri wake ulikuwa kamili kabla hatujafika, wala hautungojei sisi tuutie thamani. Mwenye kulishika jambo hili moja amekwisha kupata nusu ya jawabu la swali letu: tunalolitazama msituni ni la mwenyewe, nasi ni wageni.

Ama mgeni huenda akaivunja adabu kwa njia tatu. Ya kwanza ni risasi, nayo tumeisema. Ya pili ni kizimba.

Katika kisiwa cha Java husemwa tangu zamani kuwa mwanamume hajatimia mpaka awe na vitu vitano: nyumba, mke, farasi, jambia na ndege. Hapana ubaya katika mapenzi hayo kwa asili yake. Sisi hatusemi kuwa kufuga ndege ni haramu. Khabari ya mtoto Abu Umayr na kijindege chake yajulikana, na maulamaa wametoa humo ruhusa kwa mwenye kumtunza. Lakini tazama mapenzi hayo yamefika wapi yalipokutana na soko. Mwaka 2014 wachunguzi walihesabu ndege zaidi ya 19,000 katika masoko matatu ya Jakarta kwa muda wa siku tatu, na wengi wao walikamatwa msituni. Kunguru-mti wa Sumatra naye hukamatwa akauzwa. Kila mnunuzi mmoja asema: mimi nimechukua mmoja tu, nami nampenda. Asema kweli, na kwa kweli nyingi za namna hiyo msitu hubaki hauna sauti. Mwaka huo huo wa 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa ya kuharamisha uwindaji na biashara ya magendo ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Na hapo kabla yake lilikuwako somo lililopokewa na Abu Daud: ndege aliyetapatapa juu ya vichwa vya watu kwa kuchukuliwa makinda yake, na amri ya Mtume, rehema na amani zimfikie, kuwa arudishiwe wanawe. Hatukusikia katika khabari ile kuwa waliowachukua walikuwa na nia mbaya. Nia njema haikuwa udhuru.

Njia ya tatu ni ya mtazamaji mwenyewe, na hii ndiyo isiyosemwa sana, kwani mwenye kuifanya hujiona yu safi. Siku hizi hubebwa mashine ndogo zenye sauti za ndege. Mtu huipiga sauti msituni, na ndege aliye na mji wake hudhani amevamiwa na mgeni. Huacha kula, huacha kiota, huja kupigana na asiyekuwako. Mtazamaji akapata picha yake. Kadhalika mahalat wa hifadhi ya Ranthambore katika Bara Hindi wamezoea kuwajia wageni hata kula mikononi mwao. Ndege yule yule ambaye huko huko huwatua paa wakubwa mgongoni na kuwatoa kupe, amefundishwa na watu kuombaomba biskuti. Mgeni acheka, adhani amependwa. Kwa hakika hakumwona ndege wa msituni. Aliona kazi ya mkono wake mwenyewe.

Na hapa petu, yuko bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa shibiri moja, aliyeandikwa katika vitabu vya ilimu mwaka 1966. Mchana hulala katika kichaka. Waongozi wenye ujuzi hujua anapolala na huwapeleka wageni. Mgeni akitazama kwa mbali, akashukuru, akaondoka, hapana aliyedhurika, na mwongozi amepata riziki ya halali kwa kuwa msitu ungaliko. Wakiingia kumi kwa kelele na taa wakamwamsha, wamemdhulumu, ijapokuwa hawakumgusa unyoya.

Hapa pazuka mushkili wa mwisho, nao ni mzito kuliko yote. Mtu ajuaye alipo ndege adimu, je, aseme au anyamaze? Akisema, huenda mtegaji akasikia. Akinyamaza, huenda msitu ukakatwa bila ya mtu kujua kilichokuwamo. Wako wanaohukumu kuwa kunyamaza ndiyo salama siku zote. Sisi hatuafikiani nao, na dalili yetu ni mnana wa Clarke. Ndege huyu hapatikani ulimwenguni kote illa katika Kilifi. Alitiwa katika vitabu mwaka 1913, na kwa miaka mia hapakujulikana pahala anapozaa. Mwaka 2013 viota vyake vilionekana katika kinamasi cha msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, msitu unaoliwa na makaa na mashamba ya mananasi. Lau khabari ile ingalifichwa, nani angalijua kuwa kinamasi kile, ambacho mpita njia hukiona maji na nyasi tu, ndicho tumbo la uzazi la ndege mzima? Siri ingaliwalinda viota na macho, na papo hapo ingaliwaacha chini ya shoka.

Kwa hiyo twaonelea kuwa hukumu hufuata yule anayeambiwa. Mahali pa ndege ni amana. Aambiwe mwenye kuulinda msitu, na waanze kuambiwa wakazi wenyewe, kwani wao ndio watakaobaki mgeni akiondoka. Asiambiwe mwenye kutaka kujifakhiri, wala isitangazwe mbele ya kila mtu khabari ya kiota chenye mayai. Mwenye kusema kwa ajili ya ndege atauliza kwanza: neno langu likifika, litamwongezea amani au litampunguzia? Mwenye kusema kwa ajili ya nafsi yake hataliuliza hilo.

Basi turudi kwenye swali letu. Haki ya kutazama iko, tena ni njema, kwani jicho lililotulia hujifunza unyenyekevu ambao jicho lenye pupa halitaujua. Lakini ni haki ya mgeni, nayo yakoma pale inapoanza kumgeuza mwenyeji. Tusimwite kwa hila, tusimlishe kwa ajili ya kicheko, tusimkurubie kiotani, tusimnunue aliyetolewa msituni. Na enyi wazazi mnaowanunulia watoto chiriku wa kizimbani, kuna jambo lisilogharimu zaidi: wachukueni asubuhi moja ukingoni mwa msitu, muwafundishe kukaa kimya. Yawezekana ndege asije. Hata hivyo mtoto atakuwa amejifunza kuwa viko vitu vizuri ulimwenguni ambavyo haviwajibiki kumjia, na somo hilo litamfaa kwa jirani yake na kwa mali ya watu kabla ya kumfaa kwa ndege.