Pikapu Kuukuu na Suala la Israfu

Novemba 2002, mchungaji Jim Ball na wenzake wa Mtandao wa Kiinjili wa Mazingira walikwenda Detroit kuonana na wakubwa wa viwanda vya magari vya Marekani. Swali lao lilizua vicheko na hasira kwa pamoja: Yesu angeendesha gari gani? Mwaka uliofuata Ball alizunguka majimbo ya kusini akihubiri ujumbe huohuo ndani ya Toyota Prius, kwa hiyo jibu lake lilionekana kabla hajafungua mdomo. Mzaha ukiwekwa kando, alikuwa ameuliza jambo zito: mafuta anayochoma mtu ni suala la dhamiri, au ni hesabu ya mfuko wake tu?

Anayestahili kulijibu hilo kwanza ni mwenye pikapu nzito ya miaka ya 1990, Ford F-250 au Dodge Ram 2500. Magari haya yalikuwa na upendeleo wa kisheria. Kanuni za Marekani za kubana mafuta, zilizozaliwa na sheria ya 1975 baada ya msukosuko wa bei, kwa muda mrefu zilikomea kwenye magari ambayo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi pauni 8,500, karibu kilo 3,850. Zaidi ya hapo serikali haikudai hata ile karatasi ya dirishani inayotaja matumizi ya mafuta. Mnunuzi aliambiwa nguvu ya injini na uzito inaoweza kuvuta. Mengine akayajulie kwenye kituo cha mafuta.

Na huko aliyajua. F-250 yenye injini ya petroli ya lita 7.5 hutembea kama maili 10 kwa galoni, yaani kilomita nne na kitu kwa lita moja, na ikifungwa trela hushuka zaidi. Dodge yenye dizeli ya Cummins ya lita 5.9, ile ya vali 12 iliyofungwa hadi 1998, ikiwa tupu na dereva hana haraka inaweza kukaribia maili 20. Dizeli hushindilia hewa zaidi kabla ya kuunguza, ndiyo maana hupata kazi kubwa katika mafuta machache. Pia galoni ya dizeli ina nishati nyingi kuliko ya petroli, na kaboni nyingi vilevile, jambo ambalo wenye dizeli hulisahau wanapojisifu.

Mwaka 2008, Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science jinsi kipimo hiki cha maili kwa galoni kinavyodanganya. Chukua mtu anayetembea maili 12,000 kwa mwaka. Akiacha gari la maili 10 kwa galoni na kuchukua la maili 12, anaokoa galoni 200. Jirani yake akitoka maili 30 hadi 40, anaokoa galoni 100 tu, ingawa ndiye atakayepigiwa makofi. Mhubiri mwenye kujua hesabu angewaacha wenye magari madogo, akaenda kumwomba mwenye F-250 ajaze upepo matairi na apunguze mwendo.

Hata hivyo galoni peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Katika mkusanyiko wa Ibn Majah imepokewa kwamba Mtume Muhammad alimkataza sahaba Saad israfu ya maji anapotawadha, hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Kitu kuwa kingi hakukumpa ruhusa. Kilichotazamwa ni haja. Kwa kipimo hicho, pikapu inayovuta trela la nyasi za ng'ombe kwa maili 9 kwa galoni haina kosa, maana mzigo ule ungehitaji safari nyingi za magari madogo. Pikapu hiyohiyo Jumatatu ikimbeba mtu mmoja na kikombe chake cha kahawa kwenda ofisini inafuja, hata ikifikisha maili 20.

Kubana mafuta nako kuna mtego wake. Dizeli zilizotoka tangu 2007 zilifungwa chujio la masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma mafuta ya ziada. Wengi waliling'oa ili gari linywe kidogo. Shirika la serikali la mazingira, EPA, lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa vya kudhibiti moshi katika muda wa miaka kama kumi. Galoni aliyookoa mwenye gari inalipwa na mapafu ya watu asiowajua. Mwenye Cummins ya 1996 yuko salama mbele ya sheria, kwa kuwa gari lake halikuwahi kuwa na chujio la kung'oa. Masizi yake lakini hayasomi tarehe ya kutengenezwa.

Kuanzia magari ya mwaka 2014, pikapu nzito nazo ziliwekewa viwango. Watunga kanuni walikwepa maili kwa galoni, wakatunga hesabu inayojumlisha uzito ambao gari linaweza kubeba na kuvuta: lenye uwezo mkubwa huruhusiwa kuchoma zaidi. Ni fikra nzuri, ila inapima uwezo. Pikapu ambayo haitavuta trela maisha yake yote hupewa ruhusa ileile na ya mfugaji, na hakuna ofisa anayechungulia bodi ya nyuma kuona kama kuna nyasi.