Nani Analinda Siklagi?

Daudi na watu wake 600 walipofika Siklagi siku ya tatu, walikuta majivu. Mji umechomwa, wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 30, usome mwenyewe. Hawa walikuwa watu wa vita, watu waliozoea kulala mapangoni na kuwindwa na mfalme, na siku ile walilia mpaka miili ikashindwa kulia. Uchungu uliwazidi hata wakasemezana wampige Daudi kwa mawe.

Nauliza jambo moja tu juu ya habari hii. Wanaume walipokuwa safarini, nani alibaki kuilinda Siklagi? Sioni mtu. Waamaleki waliingia kama wezi wanavyoingia shamba lisilo na mwenyewe, wakachukua walichotaka, wakaenda zao wakila na kunywa na kucheza.

Wapendwa, naandika nikiwa na mzigo moyoni. Katika mitaa yetu ziko nyumba ambazo baba, na siku hizi mama pia, amevaa kombati akaondoka. Taifa letu linapeleka watu. Walikwenda Lebanon, wakaenda Darfur, wakaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na tangu mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi maalumu cha mapigano huko Kongo kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, njia ya Kivu Kaskazini imekanyagwa na vijana wetu zamu kwa zamu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa. Watanzania 15 walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa, na Katibu Mkuu António Guterres akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja huo. Kabla ya hapo, tarehe 13 Julai 2013, saba walikuwa wameuawa Darfur kwa siku moja. Aprili 2024 kombora likaua watatu, Kongo tena.

Kila mara taifa lililia. Majeneza yakafunikwa bendera, paredi ikapangwa, viongozi wakasema maneno mazito. Tulilia kwa kweli, simlaumu mtu kwa machozi yake. Mimi nauliza habari za wiki ya sita. Turubai limeshushwa, viti vimerudishwa kwa mwenyewe, sufuria za jirani zimeoshwa zikaenda. Wiki ya sita, nani alipiga hodi kwenye nyumba zile?

Na kwa nini tungoje jeneza? Upendo unaoanza msibani umechelewa.

Soma Kumbukumbu la Torati 24, aya ya 5. Kijana aliyeoa karibuni asiende vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Mungu wa majeshi, katikati ya sheria za taifa lenye maadui kila upande, alikumbuka furaha ya bibi arusi mmoja! Sisi hatupangi zamu za jeshi, hilo tumwachie mkuu wa majeshi na serikali. Lakini zile wiki za mwisho kabla ya safari ziko mikononi mwetu, na tunaziharibu. Ikishasikika tu kwamba fulani anakwenda Kongo, nyumba inajaa wageni. Huyu ana kadi ya mchango wa harusi, yule anataka aahidiwe simu, binamu ana kiwanja cha kumalizia. Watu wameshapiga hesabu ya dola ambazo askari mwenyewe hajaziona. Mke anapika chai kutwa, na saa alizobakiwa nazo na mumewe zinakwisha akihudumia wadai. Nawasihi, waacheni wale wawili wakae na watoto wao!

Kama lazima uende, nenda na jambo la kuwafaa. Mzee wa kanisa aende na kalamu aulize: cheti cha ndoa kipo? Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimeshatoka RITA? Wosia umeandikwa? Jina la nani limeandikwa kikosini kama mrithi, la mke au bado ni la kaka tangu enzi za ujana? Utasema ni kumtabiria mtu kifo. Hapana, ndugu yangu, ni kumzibia Mwamaleki mlango. Tunawajua Waamaleki wa mirathi. Ni shemeji na baba wadogo wanaofika na gari la mizigo kabla ya arobaini, wanachukua jokofu na pikipiki, kisha wanauliza kwa sauti, "Huyu mwanamke alifungishwa ndoa na nani?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kuwadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili na zaidi wakatambulika hivyo. Ashukuriwe Mungu kwa sheria hiyo. Lakini mjane ndiye atakayesimama mbele ya hakimu, na kanga ya msiba mabegani, akithibitisha kwamba alikuwa mke wa marehemu. Wachungaji wenzangu, vijana wetu wengi wa jeshi wanaishi tu na wenzao kwa sababu wanaogopa gharama za sherehe. Wafungisheni ndoa Jumanne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, bila keki wala ukumbi!

Sasa yule aliyebaki.

Ni saa nne usiku. Mtoto mdogo ana homa, umeme wa LUKU umekwisha, na simu yenyewe imebakiwa na chaji kidogo. Mume hajapatikana tangu juzi. Labda ni mtandao, labda yuko doria, labda. Mama anaishika simu mkononi, na anaiogopa ikae kimya kama anavyoiogopa ikiita. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, askari wa SADC, wetu wakiwemo, walibaki wamezingirwa kambini, na misafara ya malori ya kuwatoa kupitia Rwanda ilianza kuondoka mwishoni mwa Aprili. Ipime miezi hiyo kwa usiku wa mama huyu mmoja.

Halafu sisi washarika tunafanya nini? Mtu anapokea picha ya askari aliyelala chini, damu usoni, naye anaisambaza kwenye kundi la kwaya na kuandika "tuombe". Humo kwenye kundi yumo mke! Anaikuza picha kwa vidole viwili akitafuta saa ya mkononi anayoifahamu. Nakuomba kwa jina la Bwana, futa picha hiyo. Maombi hayahitaji picha ya maiti ya mtu.

Na wewe mwanamume unayempigia simu mke wa askari saa tatu usiku kumwuliza kama amekula, nina neno lako. Soma Samweli wa Pili, sura ya 11. Jeshi liko Raba na Yoabu, na Uria Mhiti yuko huko. Mfalme Daudi amebaki nyumbani, anatembea juu ya dari jioni, anamwona Bathsheba, mke wa Uria, anamtamani, anatuma watu wamlete. Biblia haisemi kwamba Bathsheba alimwita. Aliyepaswa kuwa ngome ya nyumba ya Uria ndiye aliyeivunja, kisha akamkabidhi Uria barua ya kifo chake aibebe kwa mkono wake mwenyewe. Na Mungu hakunyamaza. Alimtuma nabii Nathani mpaka ndani ya jumba la mfalme, akamsomea shitaka usoni pake. Usidhani atamkosa Nathani wa kumtuma mtaani kwako.

Yuko na mwingine, mwenye hatari kama hiyo, ingawa anajiona mtakatifu. Ni yule anayempigia askari huko Beni kumwambia, "Kaka, sipendi kusema, lakini nimemwona shemeji na bodaboda." Bodaboda alikuwa amembeba mtoto kwenda zahanati! Sasa kijana anasimama zamu na bunduki mkononi na sumu moyoni, mamia ya kilomita kutoka mlangoni kwake, na wenzake wanamtegemea awe macho. Umemjeruhi mlinda amani bila kufika Kongo. Tubu, kisha mpigie tena umwambie ukweli.

Usimwambie mama huyu, "Ukihitaji chochote useme." Hatasema. Ameshasikia mtaa ukisema ana pesa za Umoja wa Mataifa, na ana aibu ya kuomba hata panadol. Tuma LUKU bila kuombwa. Mpeleke mtoto kliniki. Umoja wa wanawake upange wawili waende kila wiki, wakae, wafue naye, wasikilize, na habari za humo wasitoke nazo. Pale aliyeondoka ni mke na mume ndiye aliyebaki na watoto, wanaume wa usharika wasimcheke akinunua mchicha; waende wamshike mkono. Na jirani akiwa Mwislamu, usipite mlango wake. Mumewe na mume wa msharika mwenzako wako kwenye handaki moja. Na aliye mbali naye msimsahau. Yese alimtuma mwanawe Daudi na bisi na mikate kumi kwa kaka zake walioko vitani, akamwagiza arudi na habari zao. Katika siku hizi ripoti ya shule ya mtoto ikipigwa picha na kutumwa kwa baba inamlisha kama ile mikate.

Kisha atarudi. Nyote mtashangilia, na mnapaswa. Ila shikeni neno hili: wako wanaorudi mwili, nafsi ikachelewa njiani. Mtoto aliyeachwa anatambaa anamkimbia mgeni huyu na kujificha kwa mama. Mke amezoea kuamua mwenyewe juu ya ada na paa na kuku. Mlango ukibamizwa na upepo, baba yuko chini ya meza. Halali. Au analala na kupiga kelele. Anawaka kwa neno dogo, kisha anakaa kimya siku mbili. Na sisi wahubiri, Mungu atusamehe, tunakimbilia kumwekea mikono na kukemea pepo, na asipopona tunasema ana dhambi ya siri. Kiwewe cha vita ni jeraha, na lina madaktari wake. Omba naye, ndiyo, omba sana! Kisha msindikize Lugalo, au hospitali yoyote yenye daktari wa afya ya akili, ukae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, umrudishe nyumbani, umpeleke tena tarehe ya kurudi. Na kama mkono wake umeanza kumwangukia mke au watoto, usimwambie mama avumilie kwa sababu mumewe ni shujaa. Watoe mahali pa hatari kwanza, siku hiyo hiyo.

Rudini Samweli wa Kwanza 30. Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu wake 200 walichoka wasiweze kuvuka kijito cha Besori, wakabaki na mizigo. Vita ilipokwisha, wabaya wengine wakasema hawa wasipewe nyara. Daudi akakataa, akaweka sheria katika Israeli: fungu la aliyekaa na mizigo ni sawa na la aliyeshuka vitani. Sheria! Basi siku mtakapomwita askari mbele ya kanisa mumpigie makofi, mwiteni na mkewe asimame kando yake, mkasome kwa sauti alichokibeba. Na yule askari aliyechoka hata asiweze kuvuka tena, msimhesabu kuwa mwoga.

Zipo nyumba ambazo hakuna aliyerudi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa Semuliki, kama hakukwama, aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Serikali imefuta ada katika shule zake. Sare, madaftari, godoro na nauli bado vinamngoja mama. Jumapili hii, kabla ya matangazo kwisha, simama uulize kama iko nyumba ya namna hiyo katika eneo letu. Ukitajiwa, usisubiri kamati. Nenda alasiri hiyo hiyo, umwombe mama ile fomu ya shule yenye orodha ya mahitaji, uchague mstari mmoja, ulipe, na muhula ujao urudi uchague mwingine.