Siri ya Jirani Ni Amana

Mwalimu mmoja wa mtaa aliniuliza hivi karibuni: “Mchungaji, watu wanasema programu za simu zilizo mali ya wageni hutupeleleza. Je, ni vibaya kuzitumia? Maana mimi sina siri. Wakinichungulia, wataona nini?” Nilimjibu kwa haraka ya kwamba asiye na siri hana la kuogopa, tukaagana. Lakini usiku ule jibu langu halikunipa raha. Nimelifikiri tena neno hili, nami naliandika hapa, kwa kuwa wengi wanalo swali lilo hilo.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Programu hizi twazipata bure, walakini hazikuundwa bure. Zina mitambo mikubwa na wafanyakazi maelfu, na wote hao hulipwa. Mapato yao hasa hutoka kwa wafanya biashara, ambao hutoa fedha ili matangazo yao yamfikie mtu yule hasa wanayemtaka. Na ili mtu huyo ajulikane, programu hukusanya habari zake: atazama nini na kwa muda gani, yuko mahali gani, azungumza na nani, na saa ngapi. Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi simu ndiyo kata yetu. Kila siku huzama ndani yetu na kutoka imejaa.

Sasa watu huuliza: kata hii ni ya nani? Katika nchi za wakubwa swali hili limeleta mashindano makali. TikTok ni programu ya ByteDance, kampuni ya Beijing katika nchi ya China. Huko China iko sheria ya mwaka wa 2017 inayowapasa watu na makampuni kuisaidia serikali katika kazi yake ya upelelezi. Mwezi wa Juni 2020, baada ya askari wa India na wa China kupigana mpakani, India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina, na TikTok mojawapo. Mwezi wa Desemba 2022 ByteDance yenyewe ilikiri ya kwamba watumishi wake wengine walizifungua habari za waandishi wa magazeti, wakitaka kumjua mtu aliyewapa waandishi hao siri za kampuni. Watumishi hao waliondolewa kazini. Lakini watu wakaona wazi ya kuwa lililohofiwa laweza kutendeka. Mwezi wa Aprili 2024 Marekani ikatunga sheria ya kuilazimisha kampuni iuze programu hiyo au iondoke, na tarehe 17 Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaithibitisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, kazi ya TikTok katika Marekani iliwekwa chini ya kampuni mpya ambayo Wachina si wenye hisa nyingi.

Mtu akisikia hayo atasema, “Basi, shida ni Wachina.” Asifanye haraka. Mwaka wa 2013 Edward Snowden, aliyefanya kazi ya upelelezi ya Marekani, alitoa nje hati zilizoonyesha jinsi serikali ile ilivyopata habari za watu kutoka kwa makampuni makubwa ya intaneti ya nchi yake. Kwa ajili ya hofu iyo hiyo, mwezi wa Mei 2023 wasimamizi wa sheria hizi katika nchi ya Ireland waliitoza Meta, kampuni ya Marekani yenye Facebook, faini ya euro bilioni 1.2, kwa sababu ilipeleka habari za watu wa Ulaya Marekani bila ulinzi wa kutosha. Na mwezi wa Mei 2025 wasimamizi wale wale waliitoza TikTok euro milioni 530, kwa sababu habari za watu wa Ulaya zilifikiwa kutoka China. Angalieni, mizani ni ile ile. Mmarekani amwogopa Mchina, na mtu wa Ulaya awaogopa wote wawili.

Na sisi je? Kwetu sisi, kubwa zote ni za wageni. Hatuna ya kusema, “Hii ni ya nyumbani, tuitumaini.” Tena mgeni wa namna hii amekwisha kupita kwetu. Mwezi wa Machi 2018 wakubwa wa Cambridge Analytica, kampuni ya London, walinaswa na waandishi wa televisheni ya Uingereza waliojificha, wakijisifu ya kwamba walifanya kazi katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa imejipatia habari za watu wa Facebook pasipo wao kujua.

Lakini hapa ndipo nilipoona kosa la jibu langu. Habari hizo zilipatikanaje? Palikuwa na programu ndogo ya maswali, ya kumwonyesha mtu tabia yake. Walioifungua na kuijibu walikuwa kama watu 270,000. Lakini kwa desturi za Facebook za siku zile, kila aliyekubali alifungua mlango wa rafiki zake pia. Facebook ilipohesabu, ilisema huenda watu waliofikiwa ni milioni 87. Gawanyeni wenyewe: kila mtu mmoja aliyekubali aliwatoa wengine zaidi ya 300, ambao hawakuulizwa neno. Labda wengi wa wale waliokubali walisema moyoni kama mwalimu wetu, “Mimi sina siri.” Nao walisema kweli. Hawakutoa siri yao tu. Walitoa ya jirani.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo iliangalia jambo hili katika hukumu yake: mtu akiiruhusu programu isome orodha ya majina katika simu yake, programu yaweza kupata habari za watu ambao wenyewe hawajaitumia kamwe. Kwa hiyo swali, “Je, ninayo siri?” si swali lenyewe. Swali lenyewe ni hili: Mali ya mtu mwingine ikiwa mikononi mwangu, ninayo haki gani ya kumpa mgeni?

Nami sisemi haya kama mtu aliye safi. Katika kazi yangu watu huja kwangu na mambo mazito, wengine usiku ili wasionekane. Nimeandika namba zao katika simu yangu. Siku moja nilipoweka programu moja, iliniuliza kama nairuhusu kusoma majina yote, nami nikabonyeza “Ndiyo” kama mtu afukuzaye nzi. Miezi michache baadaye mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini: “Mchungaji, simu yangu imeniletea picha ya bwana fulani, ikisema huenda namfahamu. Simfahamu, ila nilimwona mara moja, akitoka kwako nilipokuwa nikiingia. Je, yeye naye ameletewa yangu?” Sikuwa na jibu. Siwezi kushuhudia kwa hakika ya kuwa simu yangu ndiyo iliyowaunganisha. Lakini siwezi kukana pia, na mama yule hakuja tena kwa muda mrefu. Mlango wa nyumba yangu nilikuwa nikiufunga kwa makini, na kumbe dirisha nililiacha wazi mwenyewe.

Wengine watasema, “Basi tuzitupe simu.” Sikubali. Kwa simu hizi twapata habari za misiba kabla ya jua kuchwa, na wazee husikia sauti za watoto wao walio mbali. Kisu hukata mboga na hukata kidole, wala hatukitupi. Twakiweka mahali pake. Tena nchi zetu zimeanza kutunga sheria: Kenya mwaka wa 2019, na Tanzania mwaka wa 2022, sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Sheria hizo zatambua ya kwamba habari za mtu ni zake. Ni ngome njema, lakini hakuna askari atakayesimama kando ya kidole chako unapobonyeza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hasa ninyi mnaosikia mashauri ya watu, nashauri hivi. Programu ikitaka majina yote ya simu yako, ikatalie, isipokuwa kazi yake haiwezekani bila hayo. Ikitaka kujua mahali ulipo, uliza kwanza ni kwa faida ya nani. Picha ya mgonjwa kitandani, au ya mtoto asiyeweza kusema ndiyo wala siyo, usiipeleke mpaka mwenyewe au mzazi wake amekubali. Na jambo uliloambiwa faraghani, usiliandike huko kabisa; liache mahali lilipowekwa, yaani moyoni mwako.

Nimerudi kwa mwalimu yule, nikamwambia, “Jibu langu la kwanza lifute. Kutumia si vibaya. Wala usiulize tu kama mwenye programu ni wa Beijing au wa California. Wote wawili hawamjui mama yako wala jirani yako, nao hawatawaonea haya. Wewe wawajua.” Akatoa simu yake mfukoni, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni wapi pa kufunga ruhusa ya majina. Tukaketi barazani tukatafuta pamoja, naye alipokwisha, nikaitoa yangu pia.