Usiliruke Swali Lile

Katika jimbo la New York mtu akijaza fomu ya leseni ya udereva hukutana na swali lisilohusu macho yake, wala urefu wake, wala alama za barabarani. Anaulizwa kama yuko tayari, siku atakapokufa, moyo wake, figo zake, ini lake na mapafu yake wapewe wengine ili waishi. Zamani uliweza kuliacha wazi, ukasaini chini ukaenda zako. Bunge la jimbo likaliziba pengo hilo mwaka 2012, kwa sheria iliyopewa jina la Lauren, msichana aliyewekewa moyo wa mtu mwingine akiwa na miaka 8. Sasa majibu ni mawili tu: "ndiyo", au "ruka swali hili". Kunyamaza kumeondolewa.

Leo nahubiri juu ya kisanduku hicho cha pili, maana ndicho chetu. Sisi tuliofika nchi hii kutoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa tumekimbilia leseni mapema, kwa kuwa Marekani bila gari ni kifungo. Tumekariri kitabu cha sheria za barabarani kwa lugha ya kuazima. Tumeshindwa mtihani, tukarudi, tukafaulu, tukapiga picha na kuituma nyumbani. Lakini tukilifikia swali lile, mkono unaruka wenyewe. Hata hatujui tumeruka nini!

Mnamjua yule kuhani wa barabara ya Yeriko. Hakumpiga msafiri, hakumwibia, hakumtukana. Alimwona, akaenda zake. Mlawi naye akamwona, akaenda zake. Hakuna mahakama ambayo ingewatia hatiani, kwa sababu kosa lao halikuwa tendo. Waliulizwa swali na mtu aliyelala vumbini anavuja damu, nao wakaliruka.

Nani amelala vumbini leo? Katika Marekani hii peke yake ni zaidi ya watu 100,000 walio kwenye orodha ya kungoja kiungo, na wengi wao wanangoja figo. Mnawajua, maana wamo katika nyumba zetu. Ni yule mama anayefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, kisha anarudi nyumbani hana nguvu ya kusonga ugali. Ni yule baba anayekataa maji mbele za wageni, nanyi mkadhani ana majivuno, kumbe amepimiwa vikombe vya siku. Kila siku inayopita, zaidi ya 10 kati ya hao wanaongoja hufa wakiwa bado wanangoja. Na mtu mmoja akifa akiwa amesema ndiyo, anaweza kuokoa hadi wanane.

Mtaniuliza: kwa nini serikali ituulize hayo kwenye ofisi ya leseni, kati ya foleni na kelele? Sheria ya kwanza ya mfano ya zawadi za viungo iliandikwa mwaka 1968, na baada ya miaka michache majimbo yote yalikuwa yameipitisha. Ilimruhusu mtu mzima kusaini kadi mbele ya mashahidi wawili. Lakini kadi inakaa kabatini, na mauti hayaji saa za ofisi. Leseni iko mfukoni, na karibu kila mtu mzima hupita kwenye dirisha lile. Tena ni watu kama 3 tu katika kila 1,000 wanaokufa kwa namna inayowezesha viungo vyao kutumika, kwa sababu lazima wafie hospitalini, na damu yenye hewa ikiendelea kuvifikia viungo kwa msaada wa mashine. Zinahitajika ndiyo nyingi mno ili zipatikane zawadi chache. Hapo watunga sheria walihesabu vizuri, nami sina ugomvi nao.

Pennsylvania walifika huko kwa njia ya pekee. Gavana wao, Robert Casey, mwaka 1993 aliwekewa moyo na ini vya mtu mmoja aliyekufa. Watu wakanong'ona kwamba mkubwa amerushwa foleni. Yeye alirudi kazini, na mwaka 1994 akasaini sheria ya kuhimiza uchangiaji, pamoja na mfuko ambao dereva angeweza kuutilia dola moja anapolipia leseni. Akaishi hadi mwaka 2000. Georgia nao waliwahi kuwapunguzia ada ya leseni waliosema ndiyo, kisha wakaacha. Sikusikitika. Sheria inaweza kukuuliza, inaweza hata kukubembeleza, lakini kupenda kwa niaba yako haiwezi. Hiyo ndiyo kazi ya mimbari.

Sasa njooni nami Cape Town, Desemba 1967. Msichana Denise Darvall, mwenye miaka 25, anavuka barabara na mama yake. Gari linawagonga. Mama anafia pale pale. Binti anafikishwa hospitali ya Groote Schuur, na ubongo wake hautarudi tena. Madaktari wanamwendea baba, ambaye siku hiyo hiyo amepoteza mke, wanamwomba moyo wa mwanawe. Alifikiri dakika chache, akakubali. Moyo ule daktari Christiaan Barnard akaupandikiza kwa Louis Washkansky, mhamiaji Myahudi kutoka Lithuania. Alikuwa mhamiaji kama sisi! Aliishi siku 18, na dunia nzima ikajua kwamba jambo hilo linawezekana. Figo moja ya Denise akapewa mvulana wa miaka 10, ambaye sheria za ubaguzi za nchi ile zilimwandika kuwa "mtu wa rangi". Binti mweupe na mtoto yule hawakuruhusiwa kukaa benchi moja. Figo haikusoma vitambulisho. Yule Msamaria wa barabara ya Yeriko naye hakumuuliza majeruhi kabila lake kabla ya kufungua chupa ya mafuta na kumpandisha kwenye mnyama wake.

Nawasikia mnaguna. Mnasema: tukiandikwa wachangiaji, madaktari watatuacha tufe wapate nyama zetu. Sitawacheka. Julai 2025 Wizara ya Afya ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya shirika la kukusanya viungo linalohudumia Kentucky. Zilikaguliwa kesi 351 ambazo ruhusa ilipatikana lakini viungo havikuchukuliwa, na katika 103 yalionekana mambo ya kutia wasiwasi, wakiwemo wagonjwa walioonyesha dalili za fahamu huku maandalizi yakiendelea. Hilo ni ovu. Mhubiri anayelificha na ashuke mimbarini. Lakini fikirini limejulikanaje: wapo waliokataa kuendelea, wapo waliosema, na serikali ikaingia kukagua na kudai marekebisho. Sheria inamkataza daktari anayethibitisha kifo chako kushiriki kutoa au kupandikiza viungo vyako. Anayekupigania chumba cha dharura ana kazi moja, wewe uamke. Daftari la wachangiaji hufunguliwa na watu wengine, wasio katika timu inayokutibu. Tudai ukaguzi zaidi, tupige kelele bungeni, tuandike barua. Ila mgonjwa wa figo wa Minneapolis hakutenda kosa la Kentucky. Kwa nini yeye ndiye alipe?

Na biashara ya viungo? Kweli, huko tulikotoka tumesikia habari za kijana maskini kurubuniwa figo kwa fedha kidogo, wenye kliniki wakatajirika. Hapa kununua au kuuza kiungo ni kosa la jinai tangu sheria ya taifa ya mwaka 1984: kifungo hadi miaka 5, faini hadi dola 50,000. Familia ya mchangiaji hailipwi, wala haidaiwi gharama ya upasuaji wa kuvitoa.

Wengine mna donda jingine: "Watu weusi tutatoa, wao watapokea." Donda hilo lina sababu. Kwa miaka mingi kipimo cha kukadiria nguvu ya figo kilihesabu rangi ya mtu. Mweusi aliongezewa alama, figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo, akachelewa kuingia kwenye orodha. Dhuluma hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2022, na mwaka uliofuata hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopotezewa. Sasa sikilizeni upande wa pili. Weusi wa nchi hii wanaugua figo kushindwa mara tatu ya weupe, au zaidi. Na figo hupatana kwa aina ya damu na ya chembe za mwili, mambo ambayo mara nyingi hufanana kwa watu wenye asili moja. Tukiruka swali sisi, wanaokaa zaidi kwenye mashine ni watoto wetu. Nani basi tumemkomoa?

Limebaki lile linalosemwa kwa sauti ya chini msibani: tutafufukaje na mwili usiokamilika? Oo, ndugu zangu! Mungu mliyemwimbia usiku kucha mkesha wa mwaka mpya, aliyeivika nyama mifupa mikavu mbele ya Ezekieli, leo mnamwona atashindwa kwa sababu ya ini? Wako wapi mashahidi walioliwa na simba? Wako wapi waliozama ziwa Tanganyika, tukawaombea bila jeneza? Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia wataalamu wa upandikizaji, Roma mwaka 2000, kwamba zawadi hii, ikitolewa kwa uadilifu, ni tendo la upendo. Majirani zetu Waislamu wana Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini, lililoona mwaka 2018 kwamba jambo hili lajuzu kwa masharti yake. Na maiti haiharibiwi. Hushonwa kwa heshima, huvishwa, jeneza hufunguliwa watu wakaaga, husafirishwa Kigoma kama kawaida, kwa michango yetu.

Vijana wa miaka 16 na 17, New York na Illinois zinawaruhusu kujiandikisha, ingawa mpaka mfikishe 18 wazazi wanaweza kutengua. Wazazi, msitengue kwa hofu. Na ninyi watu wazima, jueni uzito wa neno lenu. Katika majimbo mengi, ndiyo ya mtu mzima haiwezi kufutwa na familia yake. Hata leseni ikiisha muda au ikifungiwa, zawadi uliyoiandika inabaki. Anayeweza kuibadilisha ni wewe mwenyewe, ungali hai. Kwa hiyo usiwaache wenzako waisikie mara ya kwanza kwenye korido ya hospitali, wakati wanalia, kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Itoe leseni yako sasa hivi, uitazame. Kama haina alama ya mchangiaji, usingoje iishe muda, maana daftari la jimbo lako linapokea majina kwa intaneti. Huhitaji kuwa raia. Jiandikishe wiki hii, mwambie mwenzi wako, kisha mpigie simu mama au kaka mkubwa aliye nyumbani, umweleze kwa lugha mnayoelewana. Akikasirika, msikilize hadi amalize. Kisha mwambie tena kwamba umesema ndiyo.